Kilomita chache si kinga: dhana potofu za wanunuzi wa magari ya spoti Mombasa

"Fundi, imetembea elfu thelathini na nane pekee, hebu iangalie juu juu tu." Karibu kila anayeniletea gari la spoti la milango miwili nimkagulie kabla ya kununua huanza na maneno haya. Hasemi lilikuwa la nani, oili ilibadilishwa lini, wala lina hati gani. Anataja kilomita. Na bei aliyokubali kulipa ameijenga juu ya tarakimu hizo, laki moja au mbili zaidi ya gari kama hilo hilo lenye kilomita nyingi. Nimechoka kulieleza jambo hili mteja mmoja mmoja, kwa hivyo naliandika lote hapa, pamoja na mengine machache ninayoyasikia kwa wanaotaka Toyota 86, Subaru BRZ au mfano wake kwa safari za kazini za kila siku.

"Kilomita chache, gari zima"

Tuanze na lililo wazi: mita ya kidijitali huchezewa. Mwenye kifaa cha kuchomeka chini ya usukani huandika namba anayoitaka, na kazi yenyewe haichukui hata nusu saa. Ya kuaminiwa ni namba iliyo kwenye karatasi. Gari lililonunuliwa mnadani Japani huwa na karatasi ya mnada inayotaja kilomita, gredi (alama ya hali ya gari), na mchoro wenye alama kila palipokwaruzwa, palipobonyea au palipobadilishwa bati. Gredi ya R au RA maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Cheti cha kulifutia usajili ili lisafirishwe nacho huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima wa huko, ambao gari jipya hufanyiwa likitimiza miaka 3 na baadaye kila miaka 2. Muuzaji akikwambia karatasi imepotea, chukua namba ya chesisi. Kuna huduma za kulipia zinazotafuta karatasi ya mnada kwa namba hiyo, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na pesa unazokwenda kuzitoa.

Kama karatasi haipatikani kabisa, tumia macho na mikono. Kiti cha gari la aina hii kiko chini, na dereva hawezi kutoka bila kuburuta paja juu ya ukingo wa nje wa kiti. Kitambaa cha hapo kikiwa kimelika na sponji imelegea, ilhali mita inadai 38,000, basi mita inasema uongo. Fungua mlango nusu, uushike kwa chini, ujaribu kuuinua: mlango ni mrefu na mzito kuliko wa gari la milango minne, na bawaba zake hulegea mapema. Tazama mpira wa pedali ya breki, na ngozi ya usukani pale mkono unaposhika siku zote. Kisha soma tarakimu nne zilizo ubavuni mwa tairi. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi zote nne zikiwa na umri mdogo sana kuliko gari, na kilomita zinazodaiwa hazitoshi kumaliza hata seti moja, uliza za kwanza zilimalizwa na nini.

Sasa hili ndilo linaloniudhi zaidi: hata namba ikiwa ya kweli tupu, bado haikwambii unachotaka kujua. Chukua magari mawili. La kwanza limetembea kilomita 60,000 kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa, mwendo wa foleni, kama unaoujua ukitoka Mtwapa asubuhi kuja Daraja la Nyali. Injini yake imezunguka saa 4,000. La pili limetembea kilomita 120,000 kwenye barabara kuu kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa. Injini yake imezunguka saa 2,000. Lenye nusu ya kilomita ndilo lenye injini iliyofanya kazi mara mbili, tena kwenye joto, feni ikivuma na hewa haipiti. Mita haihesabu dakika unazokaa Buxton gari likinguruma bila kusogea.

Kuna pia gari lililokaa tu. Gari la spoti Japani mara nyingi ni la pili nyumbani, linatolewa wikendi kwa safari fupi. Injini haipati moto wa kutosha, unyevu na petroli huingia kwenye oili na hubaki humo. Oili ya breki hunyonya maji kadiri miaka inavyopita, gari likitembea au lisitembee. Mipira ya kuzuia uvujaji hukauka. Halafu linashuka bandari ya Kilindini, linaingizwa ghafla kwenye joto letu na foleni ya kila siku, na baada ya miezi mitatu mwenyewe ananipigia simu kwamba linavuja.

Na kuna lililoteswa. 86 na BRZ ni magari mepesi yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, na wenye kupenda kuteleza nayo viwanjani wako wengi. Gari la namna hiyo linaweza kuwa na kilomita 40,000 za kweli na likawa limekwisha. Ndiyo maana huwa nainua zulia la sakafu kutafuta matundu ya bolti za fremu ya usalama, yale mabomba ya kumlinda dereva gari likipinduka. Natazama kama reli za viti zimewahi kufunguliwa, kama klachi inashika mwisho kabisa wa pedali, kama tairi za nyuma zimelika upande wa ndani. Kisha napinda kona kali polepole kabisa. Difu (gia za ekseli ya nyuma) iliyochomelewa ili magurudumu yote mawili yazunguke sawa hujitangaza yenyewe hapo, tairi ya nyuma inaruka na kulia kwenye lami kavu.

Kwa 86 na BRZ hasa, mwaka una uzito kuliko kilomita. Mwezi Novemba 2018 Toyota na Subaru walitangaza kuyarudisha magari ya mwanzo, yaliyotengenezwa 2012 na 2013, kwa sababu springi za vali zilikuwa na hitilafu na injini ingeweza kuzima njiani. Kuzibadilisha ni kazi kubwa ya kufungua injini, na kuna injini zilizoharibika baada ya matengenezo yenyewe kufanywa vibaya. Namba ya chesisi ndiyo itakayoonyesha kama gari fulani lilihusika na kama lilifanyiwa kazi hiyo. Magari ya miaka hiyo yameshapita kikomo cha Kenya cha miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hivyo hayaagizwi tena. Yaliyopo ni yale yaliyokwisha kuingia, na ndiyo ninayoletewa kila mara kwa maneno ya "kilomita chache, bei nzuri". Mimi nikiulizwa, nachukua lililotengenezwa baada ya maboresho ya mwaka 2016, lenye kilomita 100,000 na risiti za sevisi, na kumwachia mwingine lile la 2013 lenye 45,000.

Risiti za sevisi. Mteja akinionyesha kijitabu kilichopigwa mihuri miaka yote, tarakimu za dashibodi hata sizitazami.

"Mombasa ni joto, toa thamostati"

Ushauri huu umeua injini nyingi mjini humu, na wanaoutoa ni mafundi wenzangu. Thamostati ni vali inayozuia maji ya kupoza yasipite kwenye rediata mpaka injini ipate moto. Hufunguka maji yakifika nyuzi joto 80 hadi 90. Ukiwa kwenye foleni na injini ina moto, tayari imefunguka, kwa hivyo kuitoa hakukupunguzii chochote. Inachofanya ni kuiacha injini baridi unapokimbia barabara ya Malindi usiku: kompyuta inaongeza petroli ikidhani injini haijapata moto, oili inachafuka, ulaji wa mafuta unapanda. Gari likichemsha, tafuta feni, rediata, kifuniko chake au pampu ya maji.

Ndugu yake dhana hii ni maji ya kisima. Visima vingi vya huku vina chumvi, na injini na rediata ni alumini. Tumia kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) ya aina iliyotajwa na kiwanda. Haikupatikana, maji yaliyosafishwa ya betri yatakufikisha gereji, si mwezi mzima. Na nikiwa hapo hapo: injini ya 86 inatakiwa oili nyepesi ya 0W-20. Kumwagia 20W-50, iliyo nzito zaidi, ati kwa sababu ya joto la Pwani ni kuziba njia ambazo kiwanda kilizipima kwa oili nyepesi. Ukiona lazima uwe na nzito kidogo, 5W-30 inatosha. Ninachosisitiza zaidi ni kuibadilisha kila kilomita 5,000 kwa anayelala kwenye foleni, hata kama duka limekwambia 10,000.

"La spoti litanimaliza kwa mafuta"

86 ina injini ya lita 2.0 isiyo na turbo na uzito wa tani moja na robo hivi. Kwenye msongamano wa Nyali tegemea kilomita 8 au 9 kwa lita, kwenye barabara wazi zaidi ya 12. Gari kubwa la familia unaloliona la kawaida haliifikii. Ila usiibanie aina ya petroli. Injini hii imebanwa kwa uwiano wa 12.5 kwa 1 na iliundwa kwa okteni ya juu. Ukiweka ya chini kompyuta itajilinda kwa kuipunguza nguvu, na utakuwa umelipia nguvu farasi 200 usizozipata.

Anayetaka kubana mafuta kweli huniuliza Honda CR-Z, ya mseto wa petroli na umeme. Ni gari zuri, lakini Honda waliacha kuitengeneza miaka mingi iliyopita na zilizopo ni za kuuziana hapa hapa. Nunua ya maboresho ya mwaka 2012 kwenda mbele, iliyopewa betri ya lithiamu, na ipimwe hiyo betri kabla ya jambo lingine lolote. Mazda RX-8, kwa upande mwingine, usiinunue kwa safari za kazini. Injini yake ya kuzunguka huchoma oili kwa jinsi ilivyoundwa, na hutapata wengi wa kuifungua wakaifunga sawasawa.

"BMW ya milango miwili ni bei ile ile, kwa nini nichukue Toyota?"

Bei ya kununua, ndiyo. Mfumo wa kupoza injini wa magari haya umejaa plastiki na pampu za umeme, na joto letu haliyahurumii. Kama moyo umekwama kwenye 220i, angalau chukua ya kuanzia mwishoni mwa 2016 yenye injini ya B48, si ya kabla yake yenye N20, ambayo mnyororo wake wa ndani una sifa mbaya duniani kote. Faida moja nawapa: kompyuta zao huhifadhi kilomita sehemu zaidi ya moja, na mwenye kuchezea mita mara nyingi husahau nyingine.

"Limepita ukaguzi kabla ya kupakiwa melini"

Ukaguzi unaotakiwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya, unaangalia kama gari linafaa kuwa barabarani. Hauahidi giaboksi itaishi muda gani. Vilevile hautakwambia gari lilikaa mkoa wa theluji ambako barabara humwagiwa chumvi. Liinue kwa jeki, ukague chini. Rangi nyeusi mpya inayong'aa kwenye chesisi ya gari la miaka saba imepakwa kuficha kutu, na kutu ikishaanza, hewa ya bahari hapa itaimalizia. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake: mstari wa matope au harufu ya uvundo kwenye sehemu ambayo haitoki kila siku ni dalili ya gari lililozama.

"Gari la chini haliwezi barabara za Mombasa"

Linaweza. 86 imeinuka kama sentimita 13 kutoka ardhini. Matuta ya mitaani utayapanda kwa mshazari, na kwenye feri ya Likoni utaingia taratibu ukiangalia bampa, hasa maji yakiwa yamekupwa na daraja la kupandia limeinama. Anayevuka kila siku na ana nafasi ya kuzunguka Dongo Kundu, azunguke. Msimu wa masika usijaribu dimbwi usilolijua kina chake, kwani gari liko chini na injini ikinywa maji imekwenda. Wanaokwama ni wale walioweka springi fupi ili gari lipendeze. Ukipata lililokwisha kushushwa, dai springi na shoki zake za kiwandani ziwe kwenye buti kabla hujalipa, na gharama ya kuzirudisha itoke kwenye bei.