Kumsaidia Rafiki Aliyeumia Kazini Kudai Fidia Yake

Mtu anapoumia kazini, mara nyingi anayefika kwanza kwenye dawati la madai ni rafiki, jirani au shemeji, akiwa amebeba bahasha ya kaki iliyojaa karatasi za hospitali zisizo na mpangilio. Majeruhi mwenyewe yuko kitandani, au ana maumivu yanayomzuia kufikiri sawasawa, au hajui kusoma vizuri, au anaogopa kwamba akidai atafukuzwa. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya huyo mwenye bahasha.

Kwa Tanzania Bara, anayelipa fidia ya ajali na magonjwa yatokanayo na kazi ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, maarufu kama WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Mfuko huendeshwa kwa michango ya waajiri wa sekta ya umma na sekta binafsi, na mfanyakazi hakatwi hata shilingi moja kwenye mshahara wake. Mweleze rafiki yako jambo hili mapema, kwa sababu wapo wanaoona haya kudai wakidhani wanaomba msaada au wanamfilisi bosi wao, ilhali sheria ilikwisha kumtaka mwajiri achangie kwa ajili ya siku kama hiyo.

Hata hivyo, si kila ugonjwa unahusika. Rafiki aliyelazwa kwa malaria, au aliyeanguka bafuni nyumbani kwake, anaangukia kwenye likizo ya ugonjwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo zikiwa na mshahara kamili na 63 zinazofuata zikiwa na nusu mshahara, alimradi awasilishe cheti cha daktari. Maradhi hayo yakimwondolea uwezo wa kufanya kazi, aulizie mafao ya ulemavu kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii anakochangia, yaani NSSF au PSSSF. Njia ya WCF ni kwa yule ambaye kazi yenyewe ndiyo iliyomuumiza au kumwambukiza.

Akiwa wa njia hiyo, muda ni adui. Mfanyakazi anapaswa kumtaarifu mwajiri bila kuchelewa, mwajiri naye ana siku 7 za kuufahamisha Mfuko, na dai lenyewe liwe limewasilishwa ndani ya miezi 12. Miezi 12 husikika mingi mpaka pale unapoanza kuwatafuta mashahidi. Vibarua waliokuwa zamu moja na rafiki yako wamehamia kiwanda kingine, laini zao za simu hazipatikani, na msimamizi wa zamu anasema hakumbuki. Kwa hiyo nunua daftari wiki ileile ya ajali, uandike tarehe, saa, mashine iliyohusika, nani alikuwepo na nani alimpeleka hospitali. Kazi hii haihitaji utaalamu wowote, na kwa maoni yangu ndiyo msaada mkubwa kuliko wote ambao rafiki anaweza kuutoa.

Ugonjwa wa kazini ni mgumu zaidi kwa sababu haukuonekana na mtu ukitokea. Mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka mingi huanza kukohoa akiwa amekwisha kuacha kazi, na ndugu zake husema ni kifua cha kurithi. Hapo msaidie kukumbuka historia yake ya kazi, mwaka kwa mwaka, na aifikishe kwa daktari ikiwa imeandikwa, kwani daktari asiyejua mgonjwa alifanya kazi gani hawezi kuhusisha mapafu yake na mgodi.

Kisha huja siku ya kupimwa kiwango cha ulemavu, na hapa adabu yetu huwaponza watu. Nilimshuhudia fundi mmoja aliyepoteza vidole viwili vya mkono wa kulia akiulizwa na daktari, “Unaendeleaje, mzee wangu?” naye akajibu papo hapo, “Namshukuru Mungu, naendelea vizuri.” Alijibu kama alivyolelewa, kwani kwetu anayejuliwa hali hashuki na orodha ya maumivu. Ni rafiki yake aliyekuwa pembeni aliyesema, kwa heshima, kwamba asubuhi ile alimfunga vifungo vya shati, na kwamba mzee sasa anakula ugali kwa mkono wa kushoto, jambo linalomwaibisha mbele ya wageni. Daktari akaweka kalamu chini, akamwomba afungue kifuniko cha chupa ya maji. Hakuweza.

Basi kabla ya siku hiyo, kaeni pamoja mwandike anachoshindwa kufanya, na muda gani humchukua kufanya kile anachomudu. Msitie chumvi, kwa sababu dai lililotiwa chumvi huharibika lote. Elezeni pia siku mbaya zilivyo, maana siku ya miadi huenda ikawa nzuri.

Kiwango cha ulemavu ndicho huamua malipo ya ulemavu wa kudumu. Wakati wa matibabu, aliye na ulemavu wa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24, kwa hiyo aliyekuwa akilipwa shilingi 600,000 kwa mwezi atapata shilingi 420,000. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo huleta pensheni ya kila mwezi. Yapo pia mafao yanayosahaulika, hasa huduma za utengamao, yaani za kumsaidia majeruhi arejee kwenye kazi na maisha ya kujitegemea, na malipo kwa anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza. Mke aliyefunga genge lake ili amgeuze mumewe kitandani aulize kuhusu fao hilo.

Pesa ziingie kwenye akaunti ya rafiki yako, kamwe zisiingie kwenye yako, hata akikuomba. Mtu yeyote anayejitolea kufuatilia dai kwa sharti la kupewa asilimia fulani aachwe, kwani kuwasilisha madai ni bure. Na rafiki yako akiwa na akili timamu, sema naye kabla ya kusema kwa niaba yake, maana dai ni la kwake.

Dai likikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi kabla ya kulalamika. Sheria inaruhusu kuomba uamuzi upitiwe upya, na barua ile ya kukataliwa ndiyo itakayowaonyesha karatasi gani haikuwemo kwenye bahasha.