Picha ya Uyoga Hainuki

Masika yakishika, simu yangu hujaa picha za uyoga. Kutoka Kwale, Likoni, na juzi jirani yangu hapa Kisauni, mama mmoja aliyeokota uyoga mkubwa mweupe uani. Swali ni lile lile: "Huu ni mpya kwa sayansi?" Nami huwaudhi kwa kuuliza: ulinukaje, na uliota chini ya mti gani?

Mti ni nusu ya jibu. Mizizi ya mrihi na mbambakofi huishi kwa ushirika na uyoga wa jamii za Russula na Amanita. Mwembe hauna ushirika huo. Harufu nayo haingoji, wala rangi ya nyama inayogeuka ukiikata. Uyoga niliouchuma Shimba Hills asubuhi, nikifika nao feri ya Likoni mchana na joto lile, umeshaanza kulegea. Kwa hiyo naandika kila kitu papo hapo msituni. Siung'oi, nauchimba kwa kisu, maana Amanita wengi wana kikombe chini ya shina, kilichofukiwa udongoni, na ukikiacha huko umeacha ushahidi. Kisha naufunga kwa karatasi. Mfuko wa plastiki huuozesha, na hata hivyo Kenya ilishaupiga marufuku mwaka 2017.

Usiku nakata kofia, naiweka juu ya karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi na kuifunika bakuli. Kufikia asubuhi spora, vumbi laini ambalo uyoga huzaana kwalo, zimeanguka na kuonyesha rangi yake. Ule wa jirani ulitoa kijani. Basi ni Chlorophyllum molybdites, si mgeni hata kidogo, na huwatapisha watu vibaya. Mwenyewe alishapanga kuupika kwa tui.

Ule nisioutambua, nikishaukausha kwa joto la nyuzi 40 hivi, naufungia kwenye kopo lisilopitisha hewa, maana unyevu wa Mombasa huurudisha ubichi. Ndipo hadubini, kupima spora, na vinasaba: kipande kiitwacho ITS, kilichokubaliwa mwaka 2012 kuwa kitambulisho cha kuvu.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kompyuta ikilinganisha vinasaba hivyo na vilivyohifadhiwa, ikasema haijaona kinachofanana navyo, wanashangilia. Lakini sampuli nyingi za zamani hazijawahi kusomwa vinasaba, na baadhi ya zile za Afrika Mashariki zimo katika hifadhi ya Kew, Uingereza. Huenda uyoga wako una jina tangu enzi za ukoloni. Mpaka uulinganishe na hizo, "mpya" ni dhana tu. Ukishinda hapo, kuna maelezo kwa Kilatini au Kiingereza, namba ya usajili (lazima tangu 2013), na sampuli moja ya msingi katika hifadhi inayotambulika, kama ile ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Mimi ninao mmoja koponi, wa chini ya mbambakofi, unaonuka papa mkavu. Ni masika matatu sasa, nao bado una namba tu. Niliupata ukiwa umekomaa, na sijauona ukiwa bado mchanga. Mvua ikinyesha wiki hii, navuka feri.