Ua la kipepeo likinywea kaskazi msilitupe jamani, halijafa

Mwezi wa pili, jua la kaskazi linawaka mpaka paka hataki kutoka chini ya gari, mama mmoja mtu mzima alinijia kitaluni kwangu hapa Unguja kashika chungu, hata kukaa hajakaa kashaanza, "Mwanangu, ua uloniuzia limekufa, nalimwagia maji asubuhi na jioni na bado limekufa." Nikamwambia shikamoo mama, kaa kitako kwanza upumzike, hebu tulitazame.

Juu ya chungu kweli hakukuwa na kitu, vijiti vichache tu vimelala ukingoni vimekauka. Nikatia kidole kwenye udongo, umeroa chapachapa. Nikachimbua pembeni taratibu nikatoa kitu kidogo kama kidole changu cha mwisho, rangi yake kama pinki iliyofifia, kina magamba yamepangana safu kwa safu, ukikitazama utasema kijigunzi cha muhindi. Nikakibonyeza kwa ukucha, kigumu. Nikampa mkononi nikamwambia mama, ua lako ndo hili, yale ya zambarau uliyokuwa ukiyaona ni majani tu. Akakigeuzageuza akasema, "Kumbe limejificha chini kama tangawizi?" Na mie miaka yote nnayouza maua sijamsikia mtu akalieleza ua hili vizuri kuliko hivyo. Lakini tulipoendelea kuchimba tukatoa vyengine vitatu vishaoza, laini, ukivigusa vinatoa maji rangi ya chai, manake yale maji aliyokuwa akimwaga kwa huruma ndo yaliyokuwa yakiviua.

Watu wanaonirudishia vyungu kaskazi ni wengi, na wale wanaotupa jaani bila hata kuniuliza nadhani ni wengi zaidi, kwa hiyo nimeona bora niandike yote nnayoyajua.

Ua lenyewe kitaalamu linaitwa Oxalis triangularis, sisi tunasema oksalisi, wateja wangu wamelipa jina la kipepeo kwa sababu kila kijiti kina majani matatu ya pembetatu, zambarau iliyokoza na doa jepesi katikati, na upepo ukipita yanapepea. Asili yake Brazil na majirani zake, Bolivia, Paraguay, Argentina. Linatoa viua vidogo vyeupe vyenye upinki wa mbali, petali tano tano, na mtu wa kwetu akiviona tu anainama kunusa. Havina harufu. Sisi tumezoea asumini, kilua, mkadi, ua ambalo halifai hata kutiwa kwenye kikuba tunaliona kama halijakamilika, lakini hili likae barazani asubuhi jua linapolipiga kwa nyuma ndo utajua kwanini nalipenda.

Neno oksalisi linatokana na neno la Kigiriki la uchachu, na hapa ndo penye habari inayowashangaza wengi, hili ua ni ndugu wa mbirimbi! Mbirimbi huuhuu wa uani kwetu, wa achari na wa kutia kwenye mchuzi wa samaki, familia moja kabisa. Tafuna kijipande cha jani la kipepeo utaupata ule uchachu uleule unaokukunja uso, ni asidi yao. Usile mengi lakini, na mwenye matatizo ya figo asile kabisa, na mbuzi na paka wa nyumbani msiwaache wakayamaliza, ile asidi ikizidi mwilini inakamata kalisiamu na inaumiza figo.

Sasa hili la kulala, yani ua kushusha majani yote kaskazi na kubaki hai chini ya udongo, mie lilinifunza kwa hasara. Mwaka wa kwanza nilikuwa na vyungu kumi, nimevipanga vizuri kwenye meza ya mbao, ikaingia Januari majani yakaanza kulegea, yakawa manjano, nikazidisha maji, yakaanguka yote. Nililia kwa kweli, ilikuwa pesa yangu ya kuanzia biashara. Nikabeba vyungu vyote nikamwaga udongo wake kwenye shina la migomba nyuma ya nyumba nikasahau. Masika ikaja, mvua ikapiga wiki mbili tatu, siku moja naenda kukata jani la mgomba naona chini kumetapakaa zambarau, sio moja sio mbili. Nikapiga magoti palepale kwenye matope nikayashika kwa mkono. Mgomba ulilipa kivuli, udongo wa pale una majani yaliyooza na haushikilii maji, na mwezi mzima wa kaskazi hakuna aliyelisumbua. Kila nnachofanya mpaka leo nnajaribu kuurudia ule mgomba.

Kwa hiyo fuateni misimu yetu, msifuate maelezo ya mitandaoni yaliyoandikwa kwa watu wa nchi za baridi, wao wanakwambia spring na winter, wewe upo Fuoni unatafuta winter iko wapi. Ua hili linapenda digrii 15 mpaka 25 hivi, sisi tunachokaribia hapo ni kipupwe tu, kuanzia Juni mpaka Septemba, na hapo ndo linakuwa na raha, majani makubwa, maua hayakatiki. Vuli nayo linakwenda vizuri. Kaskazi mchana ukifika 32 na usiku nao haupoi, ua linaamua mwenyewe kushusha majani na kubaki chini. Halilali kila mwaka wala kila nyumba, nna mteja wangu Wete chungu chake kipo kwenye ukumbi wa chini wenye baridi yake na Pemba mvua ni nyingi kuliko kwetu Unguja, linapita mwaka mzima bila kulala na hana alilokosea. Lako likilala pia hujakosea.

Likianza kulegea Januari au Februari, punguza maji, alafu yakishakauka majani yote acha kabisa. Yakate, chukua chungu kiweke pahala pakavu penye kivuli, chini ya ngazi, ukumbini, popote ambapo mvua na jua havifiki, na usimwage hata kikombe. Wiki nne mpaka sita. Najua ni kazi ngumu kwa mtu anayependa mimea kupita kila siku pembeni ya chungu kikavu asitie maji, lakini ndo dawa. Masika ikianza kunusika, maji kidogo mara moja, subiri, ukiona vichomozi tia tena. Kwa kawaida wiki mbili au tatu tu kinatoka kijiti na jani lake limekunjwa kama mwavuli uliofungwa.

Udongo. Hapa watu wanachukua udongo wowote wakajaza. Kinamo usikiguse, kikinyeshewa kinashika maji kama sahani, kikikauka kinapasuka na kukata mizizi. Mie nachanganya kinongo, ule udongo mwekundu wenye rutuba, mafungu mawili, kichanga cha shamba fungu moja na samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu fungu moja. Nimesema kichanga cha shamba, sio mchanga wa pwani, chumvi ile italiunguza. Ukitaka kuongeza usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, kuufanya udongo uwe mwepesi pia ni vizuri sana ila hapo na mie niliwahi kuangukia pua, manake usumba nilionunua ulikuwa wa makumbi yaliyofukiwa baharini miezi kama wanavyofanya akina mama wa kusuka kamba, na bila kufikiri nikautia mzimamzima. Wiki ya pili kila jani lina ukingo wa kahawia kama limepitishwa kwenye moto. Siku hizi naroweka maji baridi, namwaga, naroweka tena, mara tatu, nne, mpaka nikionja yale maji hayana chumvi.

Chungu kisiwe kikubwa, kipana cha sentimita 15 kinatosha, na lazima kiwe na tundu chini. Panda vijigunzi vitano au sita, vilaze tu usihangaike kutafuta juu wapi chini wapi, kina chake sentimita tatu au nne. Vya udongo wa mfinyanzi ni bora kuliko vya plastiki maana vinapumua, na ukiona nje yake kumefanya ungaunga mweupe basi ujue ni maji yako hayo, chokaa na chumvi.

Na maji ndo mtihani wetu mwengine. Kisiwa chetu ni mawe ya matumbawe, maji ya visima yana chokaa, na visima vya karibu na pwani vina munyo kabisa. Majani yanafifia yanakuwa manjano wakati mishipa bado imekoza rangi, watu wanadhani njaa wanaongeza mbolea, kumbe chokaa inalizuia ua kunyonya chuma kwenye udongo. Mie masika natega mapipa chini ya bati nakinga maji ya mvua, hayo ndo ya oksalisi, na hata mapipa mawili yanakufikisha mbali kwa vyungu vichache. Kumwagilia usifuate saa, tia kidole mpaka kifundo cha kwanza, ukiona pakavu mwagia mpaka yatoke chini, ukiona unyevu acha. Na kisahani cha chini kimwage, kisikae na maji.

Kuhusu mwanga, jua la asubuhi mpaka saa tatu au saa nne ni zuri, jua la mchana hapana. Nyumba za Mji Mkongwe zenye kiwanja cha katikati kinachoingiza mwanga kutoka juu zinalifaa utafikiri zilijengwa kwa ajili yake. Ndani gizani vijiti vinarefuka vinaanguka, rangi inakuwa ya kijanikijani. Kigeuze chungu kila baada ya siku chache maana linainamia upande wa mwanga. Nyinyi wa Jambiani, Paje na Makunduchi, kusi likivuma toeni vyungu barazani muweke ndani ya ukuta, ule upepo una chumvi.

Halafu kuna simu nnazopigiwa saa mbili usiku, "kaka ua limefunga majani, linakufa?" Halifi, linalala usiku, yani huku ni kulala kwengine sio kule kwa kaskazi. Kaa nalo siku moja kuanzia alasiri. Jua likishuka kuelekea magharibi utaona jani linaanza kujikunja katikati kwenye mstari wake, alafu yote matatu yanashuka chini yanaegemeana mgongo kwa mgongo, mpaka adhana ya isha inaingia chungu kizima kimefunga. Pale majani matatu yanapokutana pana kifundo kidogo sana kimevimba, ukiwa na macho mazuri utakiona, seli za upande mmoja zinatoa maji, za upande wa pili zinabaki nayo, jani linavutika. Asubuhi maji yanarudi. Jua kali la saa saba nalo linaweza kulifungisha hivyohivyo, linajikinga. Charles Darwin na mwanawe Francis walichapisha uchunguzi wao wa mimea inayolala mwaka 1880, na walizichunguza oksalisi, na humohumo mbirimbi ukawemo! Kama una mbirimbi uani kautazame magharibi, nao unashusha vijani vyake.

Maradhi nitapita haraka. Kaskazi linaingiwa na utitiri mwekundu, majani yanakuwa na vidoadoa kama yamemwagiwa vumbi na chini yake kuna utando, osha kwa maji na sabuni kidogo ya kipande, chini ya jani hasa, rudia baada ya siku tano. Masika kinachosumbua ni kutu, ungaunga wa rangi ya chungwa chini ya jani, ukiufuta unabaki kidoleni. Hapo usibembeleze, kata kila jani lenye kutu choma, tenganisha chungu, na maji yaende kwenye udongo yasiguse majani. Ukiweza kata majani yote kabisa, ua litachipua upya kutoka chini, ndo raha ya ua linaloishi chini ya ardhi.

Na yule ndugu yake wa kuambaa, wa viua vya manjano anayeota mwenyewe kwenye kila chungu, mng'oe kabla vibamia vyake havijakomaa, vile ukivigusa vinapasuka na kurusha mbegu mpaka chungu cha tatu.

Kugawa fanyeni mwanzo wa kipupwe au mara tu baada ya kulala. Kipindue chungu, kung'uta udongo, utakuta vijigunzi vimezaana vimebanana. Vitenganishe kwa vidole, hata kikivunjika vipande viwili kila kipande kitaota, viache kivulini siku moja kidonda kikauke ndo upande. Yule mama chungu chake kilibaki na vijigunzi saba vizima. Tulivikausha kwenye kipande cha gazeti, akavifunga kwenye pembe ya mtandio wake, nikampa udongo mpya bure kwenye mfuko na nikamwambia asivipande mpaka asikie mvua inagonga bati usiku kucha. Wiki iliyopita kanitumia picha wasapu, vyungu viwili, kimoja chake yeye na kimoja kampelekea mkwe wake Bububu.