Kabla hujamkabidhi mzee anayesahau

Bibi mmoja niliyewahi kumhudumia alikuwa hamalizi chakula. Siku tatu mfululizo daftari la wahudumu liliandikwa "hataki kula". Siku ya nne sahani safi ziliisha, mpishi akampakulia wali kwenye bakuli la plastiki la kijani. Bibi akala wote, akaulizia na ukoko. Kumbe tulikuwa tukimwekea wali mweupe kwenye sahani nyeupe. Macho yake hayakuwa na neno. Ubongo ndio uliokuwa umeshindwa kutenga chakula na chombo.

Hapa Zanzibar, mtu akitaja nyumba za wazee, akili zinakwenda Sebleni na Welezo, na kwa ndugu zetu wa Pemba, Limbani. Tangu baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali imekuwa ikiwatunza wazee wasiokuwa na wa kuwaangalia: malazi, chakula, matibabu. Utaratibu huo ulimlenga mzee aliyebaki peke yake. Mzee aliyezungukwa na watoto na wajukuu lakini hajui tena yuko wapi ana haja nyingine kabisa, na ndiye ninayeulizwa habari zake mara nyingi siku hizi. Pensheni Jamii, inayolipwa tangu 2016 kwa kila aliyefika miaka 70, ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Imewasitiri wengi. Lakini hailipi mtu wa kukesha na mama anayetaka kutoka nje saa nane za usiku.

Neno la kitaalamu la kusahau huku ni dimenshia. Si wazimu, si kurogwa, wala si uzee wenyewe, maana wazee wengi hufika miaka 90 wakidai madeni yao bila kukosea hata senti. Ni maradhi yanayoharibu chembe za ubongo, na aina inayoongoza ni Alzheimer. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimenshia, na wengi wao wako katika nchi za kipato kidogo na cha kati kama zetu.

Hata hivyo, kabla ya kufikiria nyumba yoyote, mpelekeni hospitali. Hapa nasisitiza kwa sababu nimeona watu wakikata tamaa mapema. Mzee aliyekuwa mzima Ijumaa, Jumatatu akawa hamjui mkwewe, huyo huenda ana maambukizi ya mkojo, kaishiwa maji mwilini, au sukari imeshuka. Aliyeanguka wiki tatu nyuma anaweza kuwa anavuja damu kidogo kidogo ndani ya fuvu. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vyema, huzuni baada ya kufiwa, hata baadhi ya dawa za mafua na za usingizi, vyote humchanganya mzee, na vyote vina tiba. Chukueni kila dawa anayokunywa, pamoja na zile za kununua dukani, mkamwoneshe daktari. Dimenshia yenyewe haiji kwa siku mbili. Huingia polepole, kwa miezi na miaka.

Ikithibitika, na familia ikaamua kwamba nyumbani hakuwezekani tena, basi msije na begi la nguo peke yake. Aibu ya kuambiwa "wamemtupa mama yao" huwafanya watu waje usiku usiku, waweke saini, waondoke. Mhudumu anabaki na mgeni, na hana wa kumwambia hata mzee huyo anapenda kuitwa nani. Leteni karatasi moja iliyoandikwa maisha yake: jina la utani, kazi aliyoifanya, kijiji alichozaliwa, chai anakunywa na nini, anaogopa nini, alifiwa na nani. Karatasi hiyo huokoa usiku mwingi.

Nieleze kwa nini. Wazee wengi wenye dimenshia wasiwasi huwapanda kuanzia alasiri, jua linapoinama. Yupo aliyekuwa kila siku baada ya adhana ya alasiri akijifunga kanga na kwenda kwenye geti: "Naenda nyumbani, watoto hawajala." Watoto wenyewe wana wajukuu. Tukimwambia hivyo, analia. Tukifunga geti, anapiga kelele. Ni binti yake aliyetutajia kwamba mama alikuwa msukaji wa ukili. Tukampa chane za ukindu. Vidole vikaanza kazi bila kuuliza, maana kazi ya mikono iliyozoewa miaka 50 hukaa sehemu ya ubongo ambayo maradhi haya huchelewa kuifikia. Hakusuka mkeka wa kuuzwa, upana ulikuwa unapotea njiani. Lakini mpaka magharibi alikuwa ameketi, anasuka, na mara nyingine anatukosoa.

Majengo nayo yanataka kuangaliwa, na si lazima fedha nyingi. Mlango wa choo upakwe rangi tofauti na milango mingine, na mchana uachwe wazi auone mwenyewe. Busati jeusi kizingitini litolewe. Yeye huliona shimo, ndiyo maana anagoma kupita. Kioo kinachomtisha kwa "mgeni" aliyemo ndani kifunikwe kanga. Taa ziwashwe kabla giza halijaingia. Na wahudumu wasibadilishwe kila wiki, jambo ambalo viongozi wetu hulisahau wanapopanga zamu.

Kuhusu ziara: sikukuu watu huja kumi kwa pamoja, wanamzunguka na simu, na kila mmoja anauliza, "Unanijua mimi?" Huo ni mtihani, na mzee anajua kwamba anafeli. Njooni wawili, siku isiyo na sherehe, asubuhi. Kaa mbele yake asigeuze shingo, taja jina lako na la mama yako na la mtaa wenu, mpe tambuu yake ikiwa bado anatafuna. Akikuita kwa jina la marehemu kaka yake, itika.