Joto la Trilioni za Nyuzi Hupimwaje?

Wanafunzi wa sekondari wanaotutembelea Chiromo, kampasi ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wana swali ambalo halikosi: kama hakuna chuma kisichoyeyuka, hilo joto la trilioni za nyuzi wanalolitangaza wanafizikia wamelipimia nini? Wana haki ya kuuliza. Kitovu cha Jua lenyewe ni nyuzi milioni 15 hivi.

Hakuna kinachochomekwa mle. Kwenye LHC, mtambo wa kugonganisha chembe wa maabara ya CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, viini vya atomi za risasi (madini ya ledi) hugonganishwa vikienda karibu sawa na mwanga. Maabara ya Brookhaven, Marekani, wametumia dhahabu. Huzaliwa tone la kwaki (chembe zinazounda protoni) na gluoni (zinazozigandisha pamoja), linalodumu kwa muda ambao mwanga unavuka kiini kimoja tu cha risasi, kisha linasambaratika kuwa maelfu ya chembe. Vitambuzi hunasa chembe hizo, na joto hukokotolewa kutokana nazo.

Njia ya kwanza ni kuhesabu chembe kulingana na nishati zake. Zenye nishati ndogo huwa nyingi, zenye nishati kubwa hupungua upesi. Chora grafu: ikiporomoka ghafla, chanzo kilikuwa na joto la chini; ikishuka taratibu, kilikuwa moto zaidi.

Hapo ndipo pa kuteleza. Linganisha pioni, chembe nyepesi zinazotoka kwa wingi, na protoni za mgongano uleule. Grafu ya protoni hushuka taratibu zaidi, na ukiisoma kavukavu utasema protoni zimetoka penye moto mkali zaidi. Sivyo. Tone hupanuka kwa kishindo, na pale LHC kasi hiyo kwa wastani hupita nusu ya kasi ya mwanga. Mpanuko huzibeba chembe zote kwa kasi moja, lakini protoni ina uzito wa karibu mara saba wa pioni, hivyo inaondoka na nishati nyingi zaidi. Sehemu ya kinachoonekana kuwa joto ni mwendo tu. Dawa yake ni kuzichukua pioni, kaoni (chembe zenye uzito wa kati) na protoni kwa pamoja, na kutafuta joto moja na kasi moja vinavyozitosheleza zote tatu. Kwa migongano ya uso kwa uso, jibu hushuka hadi kama nyuzi trilioni 1.1. Hilo ni joto la mwishoni, chembe zinapoacha kugongana.

Ukitaka la mapema kidogo, achana na kasi, hesabu aina: protoni ngapi kwa pioni ngapi, na kadhalika. Chembe nzito ni adimu, na uadimu wake hutegemea joto; mpanuko hauwezi kuongeza idadi. Njia hii hutoa trilioni 1.8 hivi, karibu kabisa na pale nadharia inaposema kwaki hujifunga ndani ya chembe kama protoni. Rolf Hagedorn wa CERN alikuwa ameshaona mwaka 1965 kwamba kuna kikomo maeneo hayo.

Na huko mwanzoni kabisa? Fundi wa Kamukunji huujua moto wa chuma kwa rangi yake, na sisi pia tunautazama mwanga wa tone, yaani fotoni, ambazo hupenya na kutoka bila kuzuiwa. Kazi iko kwenye kuzichambua, maana nyingi zinazofika zimetokana na pioni zisizo na chaji zilizovunjika baadaye. Zikishaondolewa, kinachobaki ni kidogo. Kutokana na hicho kidogo, kundi la PHENIX la Brookhaven lilipata trilioni 2.6 mwaka 2010, na kundi la ALICE la CERN karibu trilioni 3.5 mwaka 2016. Ile trilioni 4 iliyovuma magazetini mwaka 2010 haikusomwa moja kwa moja kwenye grafu. Ilipatikana kwa kurudisha hesabu nyuma kwa msaada wa modeli.

Hata hiyo 3.5 ni wastani wa maisha yote ya tone, imeongezwa chumvi kidogo na mpanuko uleule, na ina shaka ya karibu nusu trilioni juu na chini.