Upungufu wa mafuta kituoni: kabla hujamkata mhudumu mshahara

Katika miaka kumi na miwili ya kufanya ukaguzi wa ndani, kazi nyingi nilizoitiwa kwenye vituo vya mafuta zilianza kwa malalamiko yale yale, kwamba wahudumu wa pampu wanaiba. Mara nyingine ni kweli. Hata hivyo, mhudumu wa pampu ndiye anayechungwa kuliko mtu mwingine yeyote kituoni, kwa sababu pampu yake ina mita ya jumla asiyoweza kuirudisha nyuma, nayo husomwa kila zamu inapobadilishana na kulinganishwa na fedha alizokabidhi. Akitaka kuiba, anayeumia kwa kawaida ni mteja aliyejaziwa mafuta kabla pampu haijarudishwa sifuri.

Hesabu ya tangi yenyewe haina siri. Chukua mafuta yaliyokuwemo asubuhi, ongeza yaliyoshushwa na lori, toa yaliyouzwa kwa mujibu wa mita, kisha linganisha jibu na kipimo cha dipstiki, yaani fimbo ya kupimia kina cha mafuta tangini, jioni. Tangi likiwa na lita 12,400, lori likashusha 10,000 na pampu zikauza 9,150, tunatarajia kukuta lita 13,250. Dipstiki ikisoma 13,110, pengo ni lita 140. Si zote zimeibwa. Petroli husinyaa inapopoa, kwa kadiri ya lita moja katika kila 1,000 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo mzigo wa lita 10,000 uliofika ukiwa na nyuzi 32 na kutulia ardhini kwenye nyuzi 27 hupungua lita 50 hivi bila mkono wa mtu. Zile 90 zilizobaki ndizo za kuulizia.

Katika kituo kimoja nilichokikagua kandokando ya barabara ya Morogoro, mwenye kituo alikuwa amewakata wahudumu wote mishahara kwa miezi minne ili kufidia pengo la namna hiyo. Kila mwezi aliletewa jumla moja tu, na jumla haisemi wizi ulitokea lini. Nilipoyapanga mapengo kwa tarehe, niliona kwamba siku ambazo lori halikuja zilikuwa na upungufu wa lita chache, wakati mwingine hata ziada, ilhali kila siku ya lori pengo lilirudi. Wahudumu walikuwa kazini siku zote hizo, kwa hiyo tatizo halikuwa kwenye pampu. Meneja ndiye aliyepokea mzigo, ndiye aliyepima tangi, na ndiye aliyeandika daftari. Tangi la lori hugawanywa vyumba, na lori liliondoka na mafuta yaliyobakizwa katika chumba kimoja, naye meneja akaandika kiasi kile kile kilichosomeka kwenye hati ya mzigo. (Kamera zilikuwepo, nne, na zote zilitazama pampu.)

Makato yale yalikuwa kosa la pili. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania hakimruhusu mwajiri kufidia hasara kutoka kwenye mshahara mpaka mfanyakazi akubali kwa maandishi, ielezwe hasara ni kiasi gani na ilipatikanaje, ionekane kwamba imetokana na kosa lake, na apewe nafasi ya kupinga. Tena makato yasizidi robo ya mshahara. Kugawanya pengo la mwezi kwa idadi ya vichwa hakutimizi hata sharti moja kati ya hayo.

Zaidi ya sheria, makato ya jumla huzalisha wizi. Donald Cressey, mtaalamu wa elimu ya uhalifu kutoka Marekani, katika utafiti wake wa mwaka 1953 juu ya watu waliofungwa kwa kula fedha walizokabidhiwa, aliona kwamba hukutana mambo matatu: shida ya fedha ambayo mtu haoni pa kuisemea, nafasi, na sababu ya kujihalalishia. Mwajiri anayemkata asiye na kosa humkabidhi mawili kati ya hayo kwa mkono wake. Mhudumu mmoja aliniambia bila aibu kwamba alianza kuwapunja wateja mwezi wa pili wa makato, na kitendo hicho alikiita kurudisha chake.

Tulichobadilisha hakikugharimu fedha nyingi. Anayepima tangi siye tena anayeandika daftari. Namba za sili, yaani lakiri zinazofunga vyumba vya lori, hulinganishwa na hati kabla ya valvu kufunguliwa. Tangi hupimwa kabla na baada ya kushusha, na pampu hazifanyi kazi katikati. Meneja naye sasa analazimika kwenda likizo ya mwaka, mtu mwingine ashike daftari lake.

Jambo lililonisumbua zaidi nililijua mwishoni. Ripoti ya mwaka 2024 ya Association of Certified Fraud Examiners, chama cha wachunguzi wa udanganyifu, inasema asilimia 43 ya udanganyifu walioupitia uligunduliwa kwa taarifa za watu, na zaidi ya nusu ya waliotoa taarifa walikuwa wafanyakazi wenyewe. Wahudumu wawili wa kituo kile walikuwa wanajua habari za chumba cha lori tangu mwanzo, lakini utaratibu uliwataka wapeleke malalamiko yao kwa meneja. Sasa namba ya simu ya mwenye kituo imebandikwa katika chumba cha kubadilishia nguo, na lori likifika, mhudumu wa zamu hupanda juu pamoja na meneja kuchungulia chumba kimoja kimoja.