Tope la Nyamwamba si mbolea

"Injinia, hilo ni tope tu la mtoni. Tumwage shambani kwa mzee yule, atashukuru." Ni mara ya tatu mwezi huu naambiwa hivyo, safari hii Kasese, magharibi mwa Uganda, ekskaveta ikiwa imeshawashwa na fuso nne zimejipanga. Na tathmini ya athari kwa mazingira na jamii ndiyo kwanza naombwa niandike!

Dhana hii inanikera kwa sababu nusu yake ni kweli. Mito mingi tope lake lina rutuba. Lakini mto huu, Nyamwamba, unapita Kilembe, ambako shaba ilichimbwa tangu 1956 hadi 1982 na mabaki ya mgodi yakaachwa bondeni. Mafuriko, yakiwemo ya Mei 2013 na Mei 2020, huyamega na kuyashusha. Mna shaba, kobalti na pairiti humo, yaani madini ya chuma na salfa. Chini ya maji pairiti imetulia. Ukiianika, inakutana na hewa na mvua, inatoa asidi, na asidi inayeyusha shaba iliyomo. Rundo linaota rangi ya kutu, nyasi pembeni zinakauka. Mzee hatashukuru.

Sheria ya mazingira nayo inataja kuchimba mtoni na kumwaga vitu mtoni kama mambo mawili. Mimi nikiletewa kazi nauliza: sampuli zimepimwa maabara kabla ya ndoo ya kwanza? Tope linakwenda kiwanja cha nani, kwa njia ipi? "Tutaona huko huko" siandiki kwenye ripoti.

Wengine hulirundika ukingoni, eti liwe tuta la kuzuia mafuriko. Halijashindiliwa, halina mzizi hata mmoja. Mvua mbili tatu limerudi lilikotoka, nawe unalipia dizeli upya. Na likisimama, maji ya mashambani yanakosa pa kuingilia mtoni. Halafu kuna ukanda wa hifadhi kando ya mto: kanuni za 2000 zinataja mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, kama Nile, na mita 30 kwa mingine. Zinapimwa kutoka pale maji yanapofika mto ukijaa kabisa, si pale mlipoyakuta kiangazi mkiwa na futi kamba.

Nasikia na mengine. "Mto unapita kwangu, ni wangu." Soma ibara ya 237 ya Katiba ya 1995: mito iko mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi wote.

"Mwenyekiti wa LC1 ameshagonga muhuri." LC1 ni baraza la kijiji; basi kijiji kinajua. Kibali ni cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na watu wa rasilimali za maji wizarani nao wana lao.

"Mchanga si madini." Ukiuchota kujengea nyumba yako, sibishani. Ukiuuza, Sheria ya Madini ya 2022 inakuhusu.

"Tukichimba kina kirefu, hautafurika tena." Rwenzori unashusha mawe mapya kila msimu, shimo lako litajaa. Na kabla halijajaa, ukingo wake wa upande mto unakotoka unamomonyoka kurudi nyuma, hadi kwenye nguzo za daraja. Nikiwaambia wapande mianzi kingoni huko juu, wananitazama kama nimetumwa kuiuza. Pandeni mianzi, jamani.

Zile fuso nne ziliondoka tupu. Mwenye ekskaveta bado ananidai mafuta ya kusubiri.